Kochi Lisilo na Kipimo Chake

"Miaka ishirini na mbili nashonea makalio ya watu mito ya kukalia, na yangu yameota sugu kwenye kigoda!"

Mumewe hakuinua macho. Alikuwa ameegemea kitini, mguu mmoja juu ya meza, anakata kucha kwa wembe kwa makini ya mtu anayepasua jicho.

"Nani kakukataza kukaa?" akauliza.

"Nikae wapi? Haya, ninyooshee kidole. Hapa sebuleni, nionyeshe pangu."

Mume akatembeza macho polepole. Sebule yenyewe haikuwa na mengi ya kutembezea macho. Palikuwa na kiti cha mikono, nacho ni chake, na kimeshachukua umbo la mgongo wake. Palikuwa na benchi refu lenye godoro jembamba, la wageni, na wageni wasipokuwepo ni la nguo zilizoanuliwa. Palikuwa na televisheni. Na kando ya mlango wa jikoni palikuwa na kigoda cha miguu mitatu.

"Si pako hapo?" akasema, akaelekeza wembe kwenye kigoda.

"Hapo ni mlangoni."

"Sasa mbona umeshazoea?"

Angesema lolote jingine, ugomvi ungeishia palepale kama ugomvi wao mwingine wote, mmoja kanuna, mwingine kalala. Lakini kuambiwa umezoea! Punda naye amezoea mzigo, kuna mtu aliyemwuliza?

Mwanamke huyu kazini wanamwita Foronya, kwa sababu siku ya kwanza alipofika kwenye karakana ya makochi alijua kushona foronya tu, basi. Leo jina ni lilelile, ila hakuna kochi linalotoka pale bila mkono wake. Ni mfupi, mnene kiasi, ana kovu la sindano kwenye ukucha wa kidole cha shahada na ulimi wenye sindano pia. Sponji anaijua kwa ngumi: anaibonyeza, anaachia, anasema "moja". Kama haijarudi kabla hajamaliza kusema, anamwambia mwuzaji aende akawauzie wasio na mikono. Amevalisha makochi ya madaktari, ya mabwana harusi, ya wajane walioshindwa kuvumilia lile la marehemu. Kinyozi hajinyoi, sawa. Lakini hata kinyozi ana kiti nyumbani.

Na si kwamba hakuwahi kuwa nacho. Alipoolewa, mama yake mzazi alimpa kochi la watu wawili la velveti ya zambarau, lenye miguu iliyochongwa. Lilikaa kwake miaka mitatu. Kisha dada wa mumewe akaolewa, na wakwe zake wakawa wanakuja kumtembelea, na wifi huyo akaja mbio na kilio chake: "Wifi yangu, niazime lile kochi, wiki mbili tu, nisiaibike. Wakiondoka narudisha." Wakwe walikuja, wakwe wakaondoka. Mmoja wao ameshaondoka hata duniani. Kochi halijarudi. Mama mzazi alikufa akiwa bado anauliza, kila akija, huku anakaa kwenye benchi: "Na lile kochi, mwanangu?" Naye anajibu: "Liko kwa wifi, mama, litarudi." Kila alipolitaja kwa mumewe, alipewa jibu moja lisilopasuka hata kwa shoka: "Ndugu hawadaiani."

Miaka kumi na tisa hiyo.

Usiku ule wa kucha na wembe akaapa. Hakumwapia mume; aliapa mwenyewe huku anasugua sufuria. Atatengeneza kochi la L, lile la vipande vinavyoungana, linalozunguka kona ya sebule. Na humo ndani patakuwa na pake.

Alikwenda kwa fundi mwenye karakana. Mzee huyo wanamwita Mzee Goti, na sababu itaonekana sasa hivi. Wakakubaliana kazi kwa kazi: yeye atanunua mbao na sponji na kitambaa, mzee atamjengea bure, na yeye atamshonea oda za Jumapili miezi minne. Mbao zikaanza kuingia, mbili leo, tatu mwisho wa mwezi, akaziegemeza ukutani nyuma ya cherehani yake. Kila akiinua kichwa anaziona, anajisemea kimoyomoyo: subirini.

Kosa lake lilikuwa kumwambia mume. Angenyamaza, angeleta kochi mlangoni kama mtu anayeleta mgonjwa kutoka hospitali, wangesogea wenyewe. Lakini alisema, kwa furaha. Mume naye akaona sebule ni ya mwanamume, na mchango wa mwanamume ni ushauri. Jumamosi iliyofuata alitokea karakana, amevaa shati la pasi, na nyuma yake anakuja nani? Wifi. Ana mkoba, ana miwani ya jua, ana pumzi za mtu aliyeitwa kuokoa jahazi.

"Wifi! Kaka kaniambia unachagua makochi, nikasema peke yake hawezi, ngoja nikamsaidie. Rangi gani?"

Foronya akamwonyesha kitambaa alichokuwa amekitenga kwenye rafu ya juu tangu miezi mitatu. Kijani kizito, kijani cha majani baada ya mvua. Alikuwa akipita anakigusa kwa mgongo wa mkono, maana viganja vyake vina makovu, vinakwaruza.

Wifi akavua miwani. "Kijani? Unafungua zahanati?"

Mume akacheka mpaka akakohoa. Hata vijana wa kupiga msasa wakacheka, na wale aliwahesabu, akawawekea.

"Chukua hii," wifi akasema, keshavuta rola ya rangi ya kahawa ya maziwa. "Hii ndiyo ya watu. Mtu akiingia anajua kaingia kwa watu."

"Hii inashika uchafu, wifi. Mimi naijua. Ndani ya mwezi inakuwa ramani."

"Si utafua? Mwenye kazi yake ni wewe."

"Wifi yako ana macho," mume akasema. "Mwachie."

Akamwachia. Mnisikilize vizuri, hakuwa bubu. Lakini mtu ukishazoea kumeza, koo linameza lenyewe kabla hujaamua.

Wakaja kwenye ukubwa. Mume alitaka watu saba. Foronya alikuwa amepima sebule yake kwa futi, akapima tena kwa hatua, akaiota. Alichukua chaki akawachorea chini sakafuni: ukuta huu, ukuta huu, dirisha, mlango wa mbele, mlango wa jikoni.

"Likiwa la watano linaishia hapa. Likiwa la saba, mkono wake unaziba nusu ya mlango wa jikoni. Hautafunguka wote."

Mume akatazama mchoro, kichwa upande, kama anayepima ng'ombe.

"Mlango wa jikoni," akasema, "si unapita wewe peke yako?"

"Ndiyo."

"Basi utapita ubavu."

Alisema hivyo bila ubaya wowote. Hapo ndipo palipouma. Mtu akikutukana kwa hasira unajua kesho atajuta. Huyu alikuwa anapanga tu nafasi.

Sasa ile sababu ya jina la mzee. Karakana nyingine zinajenga kochi kwa kipimo kimoja, mrefu na mfupi wote waangukie humohumo. Mzee Goti hataki. Kwake, kabla ubao haujakatwa, anayelikalia kochi anakalishwa juu ya boksi, mgongo ukutani, naye anampima kutoka kwenye kikunjo cha goti mpaka ukutani. Kila mtu na kiti chake, na kipimo kinaandikwa kwa chaki kwenye ubao wa kiti hicho pamoja na jina la mwenyewe. "Kiti kirefu kuliko paja lako si kiti," husema, "ni shimo." Lakini macho ya mzee yamepungua, namba za futi hazioni tena. Basi miaka hii ya mwisho kazi wamegawana: Foronya anapiga magoti, anapima, anasoma kwa sauti, mzee anaandika.

Akapiga magoti mbele ya mumewe. "Hamsini."

Mzee akaandika: BABA, 50.

Akapiga magoti mbele ya wifi. Wifi akainua gauni kidogo, akacheka, "Usinitekenye, wifi." Arobaini na nane. Mzee akaandika: WIFI, 48.

"Na mdogo wangu," mume akasema. "Shemeji yake huyu. Hayupo, lakini akija mjini hulala kwetu. Ana mapaja ya twiga. Weka hamsini na tatu."

Mzee akaandika: SHEMEJI, 53.

"Na hivi vitatu vya mwisho?"

"Vya wageni. Weka kama changu."

"Na kona?"

"Kona anakaa nani, mzee? Kona ya mito."

Mzee Goti akahesabu mbao zake kwa chaki, akafika mwisho, akarudi mwanzo. Akamtazama Foronya, aliyekuwa bado amepiga magoti na futi mkononi.

"Na huyu mwenyewe?"

"Huyu?" mume akacheka. "Huyu hakai huyu. Akikaa anaumwa!"

Wifi akacheka. Vijana wakacheka. Na Foronya, akiwa palepale chini, akacheka nao. Usiku ule alipokuwa amelala macho wazi, hakuwa anakikumbuka kicheko cha mumewe. Alikuwa anakikumbuka chake.

Wiki nne alishona. Watu wakifunga kazi, yeye anabaki na cherehani. Alishona mto wa BABA, pindo mbili, uzi wa nailoni, usije ukapasuka. Alishona mto wa WIFI. Aliushona vizuri kuliko yote, na hilo alijichukia nalo, lakini mkono wa fundi haujui adui.

Siku moja jioni fremu ikawa tayari. Sponji zimelala mahali pake, kitambaa bado. Karakana ilikuwa tupu, mzee tu yuko nje anaosha brashi za gundi. Foronya akafunga mlango nusu, akavua viatu, akakaa.

Alianzia kwa BABA. Mgongo ulipogusa egemeo, miguu ikaondoka chini, ikaning'inia kama ya mtoto kwenye kiti cha kinyozi. Akasogea mbele miguu ikagusa, lakini mgongo ukabaki hewani, sawasawa na kwenye kigoda. Akahamia kwa WIFI. Ikaning'inia. Kwa SHEMEJI alizama, goti lenyewe halikufika ukingoni. Akatoka kwa kujisukuma na viganja. Viti vya wageni, hivyohivyo. Mpaka kona akajaribu, kona ya mito. Alipotea ndani yake.

Viti sita na kona moja. Alivinunua ubao kwa ubao, akavipima, akavishona, na hakuna hata kimoja ambacho miguu yake inafika chini.

Hakulia. Aliinuka, akachovya kitambaa kwenye ndoo ya maji, akafuta jina la WIFI kwenye ubao. Likafutika kwa mkono mmoja tu. Chaki haina ukoo.

"Mzee!"

Mzee Goti akaingia, anapangusa mikono.

"Kata."

"Nikate nini? Fremu imekwisha."

"Ondoa cha shemeji. Ondoa hivi vya wageni vitatu. Vibaki kona na cha mume wangu na hiki. Na hiki kipunguze."

"Mama Foronya, hiki si cha wifi yako?"

"Wifi yangu ana kochi langu. Kata."

Mzee akatazama fremu, akamtazama yeye, akatazama miguu yake isiyo na viatu. Kisha akavuta boksi, akalisukuma mpaka ukutani. "Kaa."

Akakaa. Mzee akaanza kushuka chini, goti moja, kisha la pili, akilalamikia kila mfupa. Akaweka futi kwenye kikunjo cha goti, akaivuta mpaka ukutani. Halafu akabaki hivyo.

"Sioni," akasema. "Soma mwenyewe."

Foronya akainama juu ya paja lake mwenyewe. Miaka ishirini na mbili amesoma mapaja ya mji mzima.

"Arobaini na mbili."

"Niandike nani?"

Akafikiri. Mama watoto? Watoto wenyewe wako mbali na makochi yao. Foronya? Hilo ni jina la cherehani.

"Andika 'mwenyewe'."

Vipande vilivyotolewa havikulala. Mwenye saluni ya jirani alivichukua vinne vyote vya kusubiria wateja, na alichotoa kikatosha kijani kidogo, cha kiti kimoja tu. Kitambaa cha kahawa kilikuwa kimeshakatwa, hakuna wa kukirudisha. Basi kochi likatoka hivyo: kahawa ya maziwa kwa BABA, kahawa ya maziwa kwenye kona, na pembeni kiti kimoja cha kijani kizito. Lilikuwa baya. Lilikuwa kama suruali mpya yenye kiraka. Vijana wa msasa walitaka kusema kitu, wakamtazama usoni, wakakumbuka wana kazi nje.

Lilipakiwa kwenye mkokoteni Jumamosi mchana. Nyumbani mume alishatoa benchi nje, na wifi alishafika, na mkoba, tayari kuzindua. Vipande vikaingia, vikaunganishwa kwa vibano vyake, na mwisho wa kochi haukufika hata pale chaki ilipokuwa imesema; ulisimama hatua mbili kabla ya mlango wa jikoni.

"Mbona fupi?" mume akasema.

"Na hii nini?" wifi akasema. "Hii kijani? Mmeishiwa?"

"Hiyo ni yangu," Foronya akasema, akakaa.

Mgongo uligusa. Miguu iligusa. Nyayo zote mbili, kisigino na vidole, chini.

Wifi akageuka kwa kaka yake. "Kaka, unaona mambo haya? Mimi nilipimwa! Nilipimwa mbele ya watu! Cha kwangu kiko wapi? Nyumbani kwa kaka yangu sina hata kiti?"

"Mke wangu," mume akasema, kwa sauti ya mtu anayetuliza mbwa wa jirani, "kiti cha dada kiko wapi?"

"Kiko kwake. Tena yeye ana kochi zima. La velveti ya zambarau, la watu wawili, miguu imechongwa. Liko kwake wiki mbili, sasa unakwenda mwaka wa ishirini. Alilete, akae humohumo, nami nitamkaribisha."

"Lile kochi?" Wifi akacheka, kweli kabisa, bila hofu. "Wee wifi nawe! Lile lilishakwisha siku nyingi! Mbao zake si tulipigia banda la kuku. Hata kuku wenyewe nishawauza."

Nje mwenye mkokoteni alikuwa anakunja kamba zake.

Foronya akamtazama mumewe. Mume alikuwa anatazama kucha zake, akizipitia moja moja. Akajua kwamba alijua. Miaka yote ile ya "ndugu hawadaiani", alikuwa anajua hakuna cha kudai. Na mama yake alikuwa anakaa kwenye benchi lile, anauliza, na mkwewe yuko palepale kwenye kiti chake cha mikono, anasikia.

Alitaka kusema mengi. Alikuwa nayo, ameyanoa miaka kumi na tisa, yanaweza kunyoa. Lakini alipofungua kinywa akaona yote yalikuwa yamejengwa juu ya kochi, na kochi halipo. Ni kama mtu aliyelinda mlango wa ghala usiku kucha, kumbe ndani panya walishamaliza.

"Haya, wifi," akasema. "Nimesamehe."

"Umesamehe nini?"

"Kochi la mama yangu. Mbao, velveti, miguu yake. Leo, mbele ya kaka yako. Sikudai tena, sikutaji tena, hata kwenye kilio sitakutaja. Limekwisha."

Wifi akajiweka sawa, akaanza kutabasamu.

"Na kwa kuwa hatudaiani," Foronya akaendelea, "huna kochi langu, nami sina kiti chako. Ukija, utakuta benchi uani. Ni zuri. Mama yangu alilikalia mpaka akafa."

Tabasamu likaganda. Wifi akamtazama kaka, kaka akatazama ukuta. Akachukua mkoba, akaenda zake, na kwa mara ya kwanza hakuomba kitu cha kuondoka nacho.

Mume akabaki amesimama. Baadaye akakaa kwenye kiti chake kipya, polepole, kama anayeogopa kitang'ata. Hakikung'ata. Kilimkaa kama amezaliwa nacho, hamsini kamili; alipimwa vizuri.

"Hata chai hakunywa," akasema. "Dada wa watu. Si ungemwekea chai?"

Foronya alikuwa anapitisha mgongo wa mkono juu ya kijani. Kifuani palikuwa pepesi, lakini si wepesi wa furaha. Ni ule wa chumba kilichohamwa. Lile deni lilikuwa kitu cha mwisho alichobaki nacho kutoka kwa mama yake, na sasa nalo ameligawa.

"Chai iko jikoni," akasema. "Mlango unafunguka wote."